Edson na Moto wa Boila

Edson Mwakilasa anajulikana na Watanzania wa hapa Saint Paul na Minneapolis kwa jambo moja: haiti fundi. Gari lake likiharibika, anaingia chini yake mwenyewe. Friji ya mtu ikigoma, anaifungua. Alikuja Marekani kusoma, kijana wa kanisa mwenye suti moja, na sasa anafanya kazi ya hesabu kwenye ghala kubwa huko Eagan. Anakaa Hopkins, nyumba ya kupanga, ambako mwenye nyumba amemkataza hata kugusa koki. Kwa hiyo anakuja kugusa za wengine.

Watu wanamsifu. Mimi nilikuwa simwamini. Naandika jinsi ilivyokuwa.

Kwanza, alikuwa akiniita baba. Mtu yule ana mvi tayari na hajaoa. Binti yangu Tulia, muuguzi, mwenye nyumba hii ninamokaa, naye hajaolewa. Sasa mtu anakuita baba na hajaleta hata mkia wa ng'ombe. Utafikiri nini?

Pili, alicheka siku ya moto.

Mke wangu Bupe alifariki mwaka tisini na nne, majani ya hapa yalipoanza kuwa mekundu. Tulikuwa tumekuja wawili kumtembelea Tulia. Alisema akazikwe kwao, Tukuyu. Watu wakachanga, akasafirishwa. Mimi daktari alinikataza ndege, damu ilikuwa imeganda mguuni. Binti yetu mkubwa, Ikupa, ndiye aliyemsindikiza mama yake. Mke wangu alizikwa mimi nikiwa kwenye kochi, mguu juu ya stuli.

Kwa ukoo wetu, msiba una moto. Unawashwa uani, wanaume wanauzunguka, na hauzimwi mpaka matanga yaanuliwe. Ukizimika kabla, ni kama umemtoa marehemu mlangoni kwa kumsukuma. Siku ya kuanua, mfiwa anauzima kwa mkono wake. Ananyolewa. Kisha anaweza kulala.

Bupe sikumzika. Nikasema, moto nitamtunzia.

Niliuwasha nyuma ya nyumba, kwa kuni alizoleta Edson. Watanzania walikuja, na Wakenya wachache. Tulikuwa tunaimba. Wimbo haujaisha, gari la zimamoto likasimama mlangoni. Wakashuka wanaume wenye kofia ngumu, wakavuta mpira wa maji. Mara moja tu. Moshi, basi.

Edson alizungumza nao Kiingereza. Mmoja, mtu mzima, alimwambia neno. Edson akacheka. Nilimwona kwa macho yangu anacheka na watu waliozima moto wa mke wangu.

"Nani kawaita?" nilimwuliza Tulia.

"Margaret, baba. Yule bibi wa ng'ambo ya barabara. Aliona miali akadhani nyumba inaungua. Ameleta keki kuomba radhi."

"Na kuni kaleta nani?"

"Edson. Si ulimwagiza mwenyewe?"

Kaleta kuni, kisha kacheka zilipozimwa. Nikaliweka hilo moyoni.

Watu walipoondoka niliokota kijinga kimoja cha moto, chembamba kama kidole, ncha yake bado nyekundu. Nikashuka nacho chini ya nyumba. Huko ndiko liliko boila. Nyumba hizi za zamani zinapashwa joto kwa maji. Boila linayachemsha, yanapanda kwa mabomba mpaka vyumbani, yanaingia kwenye rejeta. Ni rejeta kama la gari, ila la chuma kizito, limesimama ukutani kama mbavu za ng'ombe. Chini ya boila kuna kidirisha, na ndani ya kidirisha kuna kimoto cha buluu kisichozimika. Kazi yake ni kusubiri tu. Baridi ikizidi, kinawasha ule mkubwa.

Nikakitazama.

"Basi moto wa Bupe ni wewe," nikakiambia.

Kijinga nikakilaza juu ya boila. Kesho yake nikashusha kiti. Nikawa nakaa pale kila siku Tulia akienda kazini. Sikumwambia mtu.

Shida ilianzia chumba alicholala Bupe. Koki ya rejeta lake ilianza kudondosha maji. Niliweka sufuria. Ikijaa, namwaga, naifuta, narudisha. Sikumwambia Tulia kwa sababu nilijua atamwita nani. Na huyo akija, nilijua atasema nini: tuzime.

Lakini maji hayana adabu. Yalipita kando ya sufuria yakaingia kwenye mbao. Jumapili moja Edson alikuja kula baada ya kanisa. Tulia alifunua chungu cha maharage mezani. Kipande cha dari, kikubwa kama sahani, kikashuka ndani ya maharage.

Edson akatazama juu. Akatazama chungu.

"Leo yameungwa kwa chokaa," akasema.

Tulia alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka.

Edson alipanda ngazi bila kukaribishwa. Nilisikia hatua zake chumbani kwa Bupe. Akarudi amebeba sufuria yangu, imejaa.

"Baba, hii imekaa pale tangu lini?"

"Ipi?"

"Hii niliyoshika."

"Muulize mwenye nyumba."

Mwenye nyumba akanitazama. Alikuwa na macho ya mama yake, yale ya kuuliza mara moja tu.

"Koki imekwisha," Edson akasema. "Na haiwezi kubadilishwa maji yakiwa ndani. Inabidi tumwage maji yote ya nyumba, toka juu mpaka kwenye boila. Tena mapema. Theluji ikikaza, hatuwezi kukaa bila joto hata nusu siku. Mabomba yatapasuka."

"Mwage. Boila liendelee kuwaka."

"Boila tupu haliachiwi moto, baba. Chuma kitapasuka."

"Wewe ulisomea hesabu. Maboila umesomea wapi?"

"Bwenini. Nilikuwa mlinzi wa boila la bweni, usingizi wangu ulikuwa pale pale. Ndilo lililonilisha nikiwa mwanafunzi."

Ana jibu la kila kitu. Mtu wa namna hiyo unamwangalia mara mbili.

Akashuka kutazama boila. Alikaa huko muda. Nilitega sikio, sikusikia nyundo wala spana. Alipopanda, alinitazama kwa namna nyingine, akaondoa macho. Akamwita Tulia nje, penye gari. Nikasimama nyuma ya pazia. Walisemezana kwa sauti ndogo. Tulia akageuka akatazama dirisha langu, akajifuta jicho. Edson akamshika bega.

Hapo nikaelewa. Mtu hawezi kupeleka posa kwenye nyumba yenye matanga. Lazima msiba uishe kwanza. Ndiyo maana ana haraka na boila. Akizima, msiba umezimwa, yeye anavaa suti.

Nikachukua mpira wa bustani, ule mrefu wa kijani, nikauficha chini ya kitanda. Spana ya Tulia nikaiweka ndani ya kiatu.

Wiki hiyo shemeji yangu Zachariah, kaka yake Bupe, alipiga simu toka Tukuyu. Alikuwa anapiga kelele kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

"Matanga bado, shemeji! Tunawasubiri wajomba wa Kyela!"

"Moto unawaka?"

"Unawaka! Na huko?"

"Unawaka," nikasema.

Nilipokata simu nikashuka chini kukitazama kimoto. Sasa nilikuwa nimesema.

Jumamosi Edson akaja. Suruali ya suti, buti za mpira. Mimi nilikuwa nimeshawahi chini, nimekaa kwenye kiti, mgongo kwa boila.

"Shikamoo, baba."

Niliichelewesha marahaba. Nikaitoa nusu.

"Mpira wetu hauonekani," Tulia alisema toka kwenye ngazi. "Nimetafuta kila mahali."

"Nimekuja na wangu," Edson akasema. "Nilidhani unaweza usionekane."

Alikuwa na mpira begani, na mkononi mfuko wa turubai. Ule mfuko ulinuka. Naijua harufu ile toka utoto.

"Ndani ya mfuko mna nini?"

"Vifaa."

"Vifaa gani vinanuka mafuta ya taa? Umekuja kumwaga maji au kuchoma nyumba?"

"Baba, naomba uinuke."

"Siinuki."

"Baba!" Tulia akasema.

"Wewe nenda kapike. Na ufunike chungu."

Edson hakubishana. Aligeuza ndoo, akaikalia, tukatazamana. Nilijiambia, anatafuta maneno matamu. Nikajiandaa.

"Baba yangu alifariki mimi nikiwa hapa, mwaka wa pili wa masomo," akasema. "Habari ilinifikia ameshazikwa. Niliwasha mshumaa chumbani. Kengele ya moto ikalia, wanafunzi wote wakatoka nje na nguo za kulalia, kwenye theluji. Wenye bweni wakauzima. Nikaambiwa nisirudie. Basi nikashuka kwenye boila langu, nikakaa nalo."

Akanyoosha kidole juu ya boila, palipokuwa na kijinga.

"Nilipokiona hicho, nikajua unafanya nini huku."

Nikakifunika kijinga kwa mkono.

"Sasa sikiliza nilivyokosea. Nyumbani waliponiambia wameanua matanga, nilikuwa na moto nisioweza kuuzima. Ningezima, bweni zima lingeganda. Ukaendelea kuwaka mpaka mwezi wa tano, na aliyeuzima ni mtu mwingine, mimi nikiwa darasani. Mpaka leo sijui msiba wa baba yangu ulikwisha lini. Na wewe, baba, Zachariah akikupigia simu katikati ya theluji, utauzimaje huu?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nilijifanya nimelifikiria.

Akafungua mfuko. Akatoa chemli. Chemli kabisa, ya bati na kioo, kama zile za kwetu. Alisema zinauzwa kwenye duka la vifaa vya kambi, watu wa hapa wanakwenda nazo porini kwa starehe. Utambi mpya, mafuta yamejaa.

"Tuuhamishe kwanza," akasema. "Ndipo nimwage maji."

Tulia alikuwa amekaa kwenye ngazi, hakwenda kupika. Nikamtazama.

"Ulijua?"

"Aliniambia siku ile penye gari. Mimi nilidhani unashuka huku kuota moto tu."

Bado sikuamini. Mtu anaweza kukuonyesha taa kwa mkono huu akakuzimia kwa mkono ule.

"Nauhamisha mwenyewe," nikasema. "Wewe usiguse."

"Sawa."

"Rudi nyuma."

Akarudi nyuma, akasimama ukutani kama aliyekamatwa na polisi.

Niliinuka. Nikachukua kijinga, nikapiga goti la mguu mzima, nikakiingiza kwenye kidirisha. Kilikataa. Kilikuwa kimepoa siku nyingi. Nikakishikilia pale pale. Kikatoa moshi, kikawa chekundu, kikashika. Nikakitoa polepole, Tulia akanyanyua kioo cha chemli, nikagusa utambi. Ukawaka manjano. Nikaiweka chemli juu ya kiti changu.

"Haya," nikamwambia Edson.

Akafunga gesi. Kimoto cha buluu kikasinyaa, kikawa kama jicho la mdudu, kikapotea. Nikageuka. Chemli inawaka.

Ilibidi kusubiri maji yapoe, yasije yakamuunguza. Tulikaa. Nikaona huu ndio wakati.

"Siku ile ya zimamoto ulicheka nini?"

Akafikiri. "Yule mtu mzima?"

"Huyo huyo."

"Alinipa pole. Akasema mama yake naye alifariki majuzi. Kwao walikusanyika kwenye ukumbi wa kanisa, wakala sandwichi, saa moja, kila mtu akaenda zake. Akasema, laiti nami ningewasha moto mkubwa hivi. Na mpira aliouzimia ulikuwa bado mkononi mwake. Kicheko kikanitoka."

Nikalipima jibu hilo. Lilikuwa na uzito wa kweli. Lakini mtu mwenye majibu siku zote anakuwa na jibu.

Boila lilipopoa, akafunga koki ya maji yanayoingia kwenye boila. Akafunga mpira wake kwenye koki ya chini kabisa, upande wa pili akauelekeza kwenye tundu la sakafu. Akafungua. Vikatoka vikombe viwili vitatu, kisha maji yakakata.

Nilifurahi kidogo, sisemi uongo.

"Mwalimu wa maboila," nikasema, "maji yamekukataa."

"Hayajapata hewa," akasema. "Ni kama kopo la maziwa lenye tundu moja. Lazima mtu afungue juu." Akanipa kifunguo kidogo cha shaba. "Rejeta la juu kabisa ni la chumba cha mama. Pembeni lina kitundu. Zungusha kidogo tu."

"Mimi?"

"Mimi nikiondoka hapa, nani ataangalia mpira?"

Nikamtazama Tulia, kisha chemli.

"Mimi nitaiangalia, baba," Tulia akasema. "Sibandui macho."

Nilipanda. Mguu ule unapanda ngazi kwa hesabu yake. Chumbani kwa Bupe kitanda kilikuwa kimetandikwa. Kitenge chake kilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikapiga goti, nikatia kifunguo, nikazungusha. Rejeta likavuta hewa. Lilivuta kwa muda mrefu, kama mtu aliyebana pumzi akaambiwa sasa unaweza kupumua. Chini nikasikia maji yanaporomoka, na Edson anapiga kelele: "Yanakuja!"

Niliweka kiganja kwenye chuma. Kilikuwa na uvuguvugu bado. Nilikaa na kiganja pale mpaka kikawa baridi. Siandiki zaidi juu ya hilo.

Niliposhuka, maji yalikuwa yanatoka meusi kama kahawa ya jana, yananuka chuma na matope. Edson alisema yamo humo tangu kabla Tulia hajainunua nyumba. Nani ajuaye. Yaliporomoka muda mrefu, yakapungua, yakawa uzi, yakakoma. Nyumba ikawa kimya. Sikuwa nimejua kuwa kabla ya hapo ilikuwa na sauti.

Akapanda kubadilisha koki. Mimi nikakaa na chemli mapajani. Nilisikia spana ikiteleza, na Edson akisema neno ambalo kijana wa kanisa hasemi. Hapo nilimpenda kidogo.

Kisha akajaza maji upya. Akazunguka chumba kwa chumba, anafungua vitundu, hewa inazomea, maji yakitema kidogo anafunga. Nyumba ilikuwa imeanza kuwa baridi, Tulia amevaa koti. Edson akashuka, akafungua gesi, akapiga magoti mbele ya kidirisha.

Akatoa kiberiti mfukoni. Akawasha.

Nilisimama, chemli mkononi. "Kumbe!" nikasema. "Nilijua tu! Moto uko hapa, na wewe unawasha na kiberiti cha dukani!"

Hakuinuka. Alisubiri kimoto cha buluu kishike, akaachia kitufe. Ule mkubwa ukalipuka kwa sauti yake, boila likaanza kunguruma.

"Huu ni wa kupasha nyumba," akasema. "Mpya. Hauna msiba. Ule wa mama unao mkononi, baba. Huo unazimika siku yoyote, ukitaka wewe."

Nilitazama boila. Nikatazama chemli. Nikarudi nikakaa kwenye kiti.

"Bado una mafuta?" nikamwuliza.

"Galoni nzima kwenye gari."

"Lete."

Chemli ikawa inakaa chumbani kwa Bupe, juu ya meza ya dirishani, mbali na pazia. Naijaza mwenyewe. Edson alipita kila alipotoka Eagan, anasema anakagua koki. Koki ilikuwa kavu. Nilimwona anakagua utambi.

Theluji ilikuwa imefika magotini Zachariah alipopiga simu. "Tumeanua, shemeji! Wajomba wote walikuwepo! Moto Ikupa ameumwagia maji mwenyewe! Na wewe uzime!"

Nilimwambia Tulia ampigie Edson. Hakuuliza kwa nini nataka na yeye awepo.

Tulitoka nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa na kuni. Margaret alikuwa dirishani kwake ng'ambo ya barabara. Nikanyanyua chemli juu aione vizuri kwamba ni ndogo. Akapunga mkono.

"Shika," nikamwambia Edson.

Akashika kwa mikono miwili. Nikanyanyua kioo. Nikamwambia Bupe niliyotaka kumwambia, kwa lugha yetu, si marefu. Nikapuliza. Moshi ukapanda mwembamba, ukaelekea mtaa wa pili. Nyuma yetu nyumba ilikuwa inanguruma, ina joto.

"Ndaga," nilimwambia Edson. Kwetu ndiyo asante.

Tulia alininyoa jikoni, taulo shingoni. Usiku huo nililala.

Jumapili iliyofuata mlango ukagongwa. Edson, amevaa suti. Pembeni yake Gitonga, Mmeru wa kanisani kwao, naye kwenye suti, amekuja kumsemea posa. Kwa hilo sikuwa nimekosea hata kidogo.

"Shikamoo, baba," Edson akasema.

"Marahaba. Ingieni, mnaachia baridi iingie."

Wakakaa. Gitonga akakohoa kuanza hotuba yake. Nikainua mkono, nikamwambia angoje kwanza.

"Edson," nikasema, "kabla mwenzako hajasema alichotumwa, panda juu chumbani kwa mama ukaguse ile koki. Nataka nisikie kutoka kwako kuwa ni kavu."

Akapanda, na suti yake.